Wimbo ni Mali: Jinsi ya Kuishi kwa Sauti na Kalamu Yako

Kila mwezi tunampa mteja wetu mmoja nafasi aeleze anavyofanya kazi yake na anavyopanga pesa zake. Mwezi huu ni mtunzi na mwimbaji kutoka Mombasa. Ameomba tusimtaje jina kwa sababu, anavyosema, hadithi yake ina mtu mwingine ndani.

Mara ya kwanza kusikia wimbo wangu redioni nilikuwa kwenye matatu, natoka Mtwapa kwenda mjini. Tulikuwa tumekwama kwenye foleni pale Bamburi. Dereva akaongeza sauti. Kondakta ameshika mlango kwa mkono mmoja, anauimba neno kwa neno, mpaka ule ubeti wa pili niliouandika usiku stima zikiwa zimepotea, kwa mwangaza wa simu.

Mama aliyekaa kando yangu akasema, "Huyu kijana anajua kuandika, wallahi." Nilinyamaza. Jina lililotajwa redioni halikuwa langu. Wimbo ule nilikuwa nimeutoa kwa Sh5,000, taslimu, nje ya studio, bila karatasi.

Leo kuimba na kuandika nyimbo ndiyo kazi yangu. Nalipa kodi ya nyumba, nalipa karo, nawalipa wanamuziki wanne kila tukipiga shoo, na sina kazi nyingine ya pembeni. Sikufika hapa kwa sababu nina sauti nzuri kuliko wengine. Pwani hii ukirusha jiwe utampata mwimbaji. Nimefika kwa sababu baada ya siku ile nilianza kujifunza mambo ambayo kwenye kwaya hawafundishi: nani ana haki gani kwenye wimbo, pesa zinatoka wapi, na zikishaingia zinakaa wapi.

Kama una daftari lenye nyimbo, au una mtoto anayeimba bafuni mpaka majirani wanamjua, soma mpaka mwisho.

Sh5,000 nje ya studio

Ilikuwa hivi. Nilikuwa naimba sauti ya pili kwenye mazoezi ya mwimbaji mmoja aliyekuwa tayari na jina. Wakati wa mapumziko nikaimba wimbo wangu, wa kujifurahisha tu. Akageuka. "Dada, huo wimbo unanifaa mimi. Nipe, nitakutoa kitu."

Nilikuwa na deni la nyumba la miezi miwili. Akatoa noti tano za elfu moja, nikazipokea. Wiki iliyofuata akarekodi. Miezi sita baadaye wimbo ulikuwa harusini, matangani, kwenye miito ya simu, kila mahali. Nikampigia. Akajibu kwa upole kabisa: "Lakini dada, si nilikulipa?"

Na ni kweli, alinilipa. Lakini alilipa nini? Alinunua wimbo wote milele? Alilipa ruhusa ya kuurekodi tu? Alinipa asante? Hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyesema wala aliyeandika.

Wakili mmoja anayemfahamu shangazi yangu alinisikiliza bila malipo. Aliniambia mambo mawili ambayo kila mtunzi Kenya anafaa kuyajua.

La kwanza: Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inasema kuhamisha hakimiliki ni lazima kuwe kwa maandishi na kutiwe sahihi na anayeihamisha. Pesa peke yake, au maneno ya mdomo, hayatoshi.

La pili lilinishtua. Sheria hiyo hiyo inasema kazi ikiwa imeagizwa, yaani mtu amekuambia "niandikie wimbo" na wewe si mwajiriwa wake, hakimiliki huhesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa hiyo ukiandikia watu nyimbo za kuagizwa na ukanyamaza, unyamavu wako una bei.

Akaniuliza, "Je, alikuagiza uuandike, au ulikuwa nao tayari?"

"Nilikuwa nao."

"Una ushahidi?"

Nilikuwa nimejirekodi kwenye simu wiki tatu kabla. Simu hiyo iliibwa kwenye feri ya Likoni. Daftari sikuweka tarehe. Na zile Sh5,000 zilikuwa noti. Laiti zingetumwa kwa simu, ningekuwa angalau na siku, saa, kiasi na jina la aliyetuma.

Wakili akafunga kalamu yake. Sikumlaumu.

Wimbo mmoja, mali mbili

Watu wengi huona wimbo kama kitu kimoja. Kwa upande wa pesa, wimbo uliorekodiwa ni mali mbili.

Mali ya kwanza ni utunzi: maneno na melodi. Hiyo ni ya mtunzi, hata kama hajawahi kushika kipaza sauti. Mali ya pili ni rekodi: ile sauti iliyonaswa studio. Mara nyingi hiyo ni ya aliyegharimia kurekodi, iwe ni msanii, prodyuza au kampuni. Na mwimbaji na wapiga vyombo nao wana haki zao kama watumbuizaji.

Ndiyo maana hapa Kenya kumekuwa na vyama tofauti vya kukusanya mirabaha. MCSK ilianzishwa kwa ajili ya watunzi na wachapishaji wa muziki, KAMP kwa ajili ya wenye rekodi, na PRISK kwa ajili ya watumbuizaji. Ukiandika wimbo wako, ukauimba na ukalipia studio mwenyewe, wewe ni watu watatu katika mwili mmoja. Ukijiandikisha sehemu moja tu, kuna mlango mwingine haujabisha.

Ila tahadhari. Vyama hivi hupewa leseni na Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, na leseni haiji yenyewe tu. Mwaka 2017 MCSK ilikosa leseni, chama kingine cha MPAKE kikapewa, kisha baadaye MCSK ikaipata tena. Kwa hiyo kabla ya kujiunga au kusaini fomu yoyote, uliza KECOBO ni nani mwenye leseni mwaka huu. Wasanii wamelalamika miaka mingi kwamba mgao wa vyama ni mdogo, na sitakudanganya kwamba utajenga nyumba kwa mirabaha hiyo. Lakini mdogo au mkubwa, usiyejiandikisha hupati hata huo.

Pwani tuna mifano mizuri ya kwa nini jina la mtunzi ni muhimu. "Jambo Bwana" uliandikwa na Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms, kundi lililokuwa likitumbuiza watalii kwenye mahoteli yetu. Wimbo mwepesi, karibu salamu tupu. Mwaka 1983 Boney M wakatoa toleo lao huko Ujerumani. Leo unaimbwa kila uwanja wa ndege na kila hoteli Afrika Mashariki. Mtu akidhani ni wimbo usio na mwenyewe, amekosea.

Upande mwingine kuna "Malaika". Fadhili William aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, Miriam Makeba akautembeza ulimwenguni, na mpaka leo watu wanabishana ni nani hasa aliyeutunga. Wapo wanaosema ni Fadhili, wapo wanaosema ni Adam Salim. Wimbo unaojulikana kuliko yote katika lugha yetu, na wahusika wamekufa na ubishi wao. Je, wewe na mimi ambao nyimbo zetu zinajulikana mtaa mmoja?

Na ukifikiri mambo ya majina ni ya watu wa kale, kumbuka mwaka 2018. Kanye West alitumia kipande cha "Kothbiro" cha kundi la Kenya la Black Savage, la miaka ya 1970, kwenye wimbo wake "Yikes". Miaka 40 na zaidi imepita, na majina ya watunzi Wakenya yakaandikwa kwenye orodha ya wenye wimbo. Huwezi kujua wimbo wako utaamka lini. Kwa sheria yetu, haki ya utunzi hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Hiyo ni ya wajukuu.

Karatasi kabla ya kipaza sauti

Sasa nina sheria moja studio: karatasi kwanza, kipaza sauti baadaye. Mwanzoni watu walinicheka. "Aa, dada, kwani hatuaminiani?" Huwa najibu, "Tunaaminiana, ndiyo maana hatuogopi kuandika."

Karatasi yenyewe ni ya ukurasa mmoja. Ina jina la wimbo, tarehe, majina ya walioandika maneno na melodi, na asilimia ya kila mmoja mpaka zifike 100. Chini yake ina mwenye rekodi ni nani, nani amelipwa mara moja na hana sehemu kwenye utunzi, na sahihi za wote. Tunapiga picha, kila mtu anatumiwa nakala palepale kwenye WhatsApp.

Asilimia zinajadiliwa siku wimbo hauna thamani. Siku hiyo kila mtu ni mkarimu. Ngoja wimbo utoke uone, hata jamaa aliyeleta chai atakumbuka kwamba yeye ndiye aliyesema "weka korasi mara mbili".

Nikiandikia mtu wimbo wa kuagizwa, naongeza mstari mmoja: kwamba hakimiliki ya utunzi inabaki kwangu, au inabaki nusu kwa nusu, kama tulivyopatana, na yeye ana ruhusa ya kurekodi na kutumbuiza. Kuna wateja wanaotaka kununua wimbo wote. Sawa, siwakatazi, lakini hiyo ni bei nyingine kabisa. Kuuza shamba si sawa na kulikodisha.

Mambo mengine matatu madogo yanayosaidia sana:

Jirekodi ukiimba wimbo mpya siku uliyoukamilisha, hata kwa simu, taja jina lako na tarehe, kisha jitumie kwa barua pepe. Simu huibwa.

Sajili nyimbo zako KECOBO. Cheti si kinachokupa haki, haki unayo tangu kazi iliponaswa au kuandikwa. Lakini siku ya ubishi, cheti kinaongea wakati wewe unalia.

Ukichukua biti kutoka intaneti, soma masharti. Biti ya bure mara nyingi ni ya mazoezi tu. Wimbo ukipanda YouTube, mwenye biti anaweza kudai mapato yote.

Pesa hutoka wapi hasa

Watoto wakiniuliza kuhusu kazi hii hufikiri pesa ziko kwenye redio. Kwangu mimi mpangilio uko hivi, kuanzia kinacholisha nyumba.

Kwanza, kuimba mbele ya watu. Harusi, mahoteli, hafla za kampuni na za kaunti. Hoteli inalipa kidogo kuliko harusi lakini inalipa kila Ijumaa, na Ijumaa zikiwa nne ni kodi ya nyumba.

Pili, kuandikia wengine. Nyimbo za wasanii, za kampeni za afya, matangazo ya redio, na siku hizi watu wanataka wimbo wa harusi wenye majina yao. Hapa kalamu inalipa hata koo likiwa na homa.

Tatu, miito ya simu kama Skiza. Sheria ilibadilishwa mwaka 2022, na sasa mwenye wimbo anapaswa kupata si chini ya asilimia 52 ya mapato, kampuni ya simu asilimia 39.5, na mtoa huduma wa kati asilimia 8.5. Kabla ya kusaini na huyo wa kati, mwambie akuonyeshe hesabu hiyo kwenye mkataba.

Nne, mitandao ya kusikiliza. Nyimbo zako zinafika Spotify, Boomplay na kwingineko kupitia msambazaji. Kila rekodi hupewa namba yake ya ISRC yenye herufi na tarakimu 12. Iandike mahali, ndiyo kitambulisho chake. Usitarajie miujiza mapema: tangu 2024, Spotify hawalipi wimbo ambao haujasikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12. Na YouTube, ili ugawiwe pesa za matangazo kwa njia ya video za kawaida, unahitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka. Mimi naichukulia mitandao kama bango langu barabarani. Watu wananiona huko, halafu wananipigia simu kuhusu harusi.

Tano, ruhusa ya kutumia wimbo kwenye picha: filamu, tangazo, video ya kampeni. Mwaka 2022 Sauti Sol walilalamika hadharani wimbo wao "Extravaganza" ulipotumiwa kwenye hafla ya kisiasa bila idhini yao. Wengine walishangaa, eti si wametangazwa bure? Matangazo ya bure hayalipi karo. Wimbo ukiwekwa kwenye video ya mtu, mwenye wimbo huombwa kwanza.

Hesabu ya harusi moja

Hapa ndipo wasanii wengi huzama, kwa hiyo nitafungua daftari langu. Chukua harusi ya Sh45,000.

Wanamuziki wanne, Sh6,000 kila mmoja: Sh24,000.
Kukodi vyombo: Sh7,000.
Usafiri wa kwenda na kurudi: Sh5,000.
Jumla ya gharama: Sh36,000.
Kinachobaki: Sh9,000.

Walioniona jukwaani nimevaa gauni la kumeta wanadhani nimeondoka na elfu arobaini na tano. Hata jamaa zangu wanadhani hivyo, na kesho yake simu zinaanza. "Shangazi, tulikuona, hongera. Sasa kuna kitu kidogo hapa..."

Katika zile Sh9,000, Sh2,000 zinaenda mfuko wa studio, Sh1,000 akiba ya dharura, Sh500 naweka kando kwa ajili ya kodi ya KRA. Yangu ya kula ni Sh5,500. Siku niliyoandika hesabu hii kwa mara ya kwanza ndiyo siku niliyoacha kukubali harusi za Sh30,000. Nilikuwa nalipa mimi kuwaimbia watu.

Kuna mzee mmoja, ami yake bwana harusi, aliniambia, "Mwanangu, sauti si ni ya Mungu? Kwani unainunua sokoni?" Nikamwambia, "Kweli ami, sauti ni ya Mungu. Lakini kinanda ni cha Musa, na Musa anataka pesa yake leo." Akacheka, akaongeza mpaka tukafika.

Arbuni kwanza. Nachukua nusu tunapopatana, nusu nyingine kabla ya kupanda jukwaani. Kabla, si baada. Baada ya harusi bwana harusi yuko fungate, kamati ya harusi imevunjika na mweka hazina amezima simu.

Tenganisha mifuko

Miaka mitatu ya kwanza pesa zangu zote zilikuwa laini moja. Arbuni ya harusi ya Jumamosi iliingia Jumatatu, na kufikia Alhamisi nilikuwa nimenunua gesi, nimemtumia mama, nimelipa deni la dukani. Jumamosi natafuta mkopo wa kuwalipa wanamuziki. Kukopa kwa simu ili ulipe watu kwa kazi ambayo umeshalipwa ni ugonjwa, na niliuugua.

Dawa ilikuwa kutenganisha.

Pesa za kazi zinaingia kwenye till ya biashara. Nimeichapisha namba kwenye kadi, na mteja akilipa anaona jina la biashara, si jina langu la nyumbani. Hilo peke yake lilinipandishia heshima. Kwenye shoo till iko kwenye bango kando ya jukwaa, na ile tuzo ambayo zamani ilikuwa noti za mia na mia mbili zinazoangukia sakafuni sasa inaingia moja kwa moja.

Gharama za kazi zinatoka hapo hapo. Wanamuziki nawatumia kwa simu usiku ule ule, kila mmoja na ujumbe wake. Hakuna tena "mimi sikulipwa ile ya Malindi". Tukibishana, tunafungua ujumbe.

Mimi mwenyewe najilipa mshahara. Muziki una misimu: Agosti na Disemba harusi hazishikiki, Ramadhani upande wetu hakuna harusi, na Januari kila mtu amefilisika. Kuna mwezi nabaki na Sh60,000 na kuna mwezi nabaki na Sh10,000. Nilichukua mapato ya mwaka mzima nikatafuta kiasi ambacho hata miezi mibovu inaweza kubeba kwa msaada wa mizuri. Nikaanza na Sh28,000 kila tarehe 1. Disemba nikijisikia tajiri, najikumbusha kwamba zile pesa ni za Februari.

Kila mwisho wa mwezi naomba taarifa ya miamala na kuihifadhi. Ukitaka mkopo wa kununua vyombo, hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba una kazi. Na kwa KRA, inakusaidia kujaza fomu bila kubahatisha. Kumbuka pia mirabaha ikilipwa kwa mkazi wa Kenya hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 kabla haijakufikia. Omba cheti cha makato hayo, utakihitaji ukijaza ritani.

Matapeli wa jukwaani

Msanii ni windo rahisi kwa sababu namba yake iko kwenye kila bango. Haya matatu yamenipata au yamempata mwenzangu.

Ujumbe feki. Mteja anakuonyesha kwenye simu yake kwamba ametuma, au unapata ujumbe unaofanana na wa malipo. Usiamini ujumbe, angalia salio. Kama salio halijaongezeka, hujalipwa, na bendi ishuke jukwaani taratibu.

Arbuni iliyozidi. Mtu anajiita promota, anasema ametuma Sh30,000 badala ya Sh13,000 na anaomba umrudishie zilizozidi haraka, mgonjwa yuko hospitali. Usimtumie chochote kutoka kwenye salio lako. Mwambie apige simu huduma kwa wateja na muamala urekebishwe kwa njia rasmi. Wa kweli atakubali. Tapeli atakutukana.

Ada ya kujiandikisha. "Umechaguliwa kwenye tamasha, tuma Sh2,500 ya fomu." Tamasha linalokuhitaji ndilo linalokulipa. Na hakuna promota, kampuni ya simu wala chama cha mirabaha kinachohitaji namba yako ya siri ili kikulipe.

Kalamu na koo

Nimesema mengi ya pesa, lakini bila wimbo mzuri hakuna cha kugawana. Naandika kila asubuhi kabla ya kugusa simu, hata mistari minne mibovu. Kati ya nyimbo kumi nazitupa saba. Nasikiliza watu wanavyoongea sokoni Kongowea, maana wimbo mzuri mara nyingi ni sentensi ambayo mtu ameisema bila kujua. Koo nalo ni chombo cha kazi: maji, usingizi, na siku moja ya kunyamaza kila wiki. Wenzangu wengine walipitia Kenya Music Festival wakiwa shule, wengine kwaya za kanisa, wengine madrasa. Njia zote zinafika. Nyota Ndogo amesema wazi kwamba aliwahi kufanya kazi za nyumba za watu kabla ya muziki kumbeba. Kwa hiyo usiache kazi yako kesho. Mimi niliuza mitumba miaka minne huku naimba wikendi, na nilifunga kibanda siku till ilipozidi kibanda kwa miezi sita mfululizo.

Fanya haya wiki hii

Orodhesha nyimbo zako zote, na mbele ya kila moja andika nani aliandika nini.
Jirekodi ukiimba zile ambazo hazijatoka, na uhifadhi nakala nje ya simu.
Andika karatasi ya mgao kwa wimbo mmoja uliofanya na mwenzako, hata kama ni wa zamani. Saini leo.
Uliza KECOBO jinsi ya kusajili, na ni chama gani kina leseni.
Fungua till ya kazi, na usilipie gesi kutoka hapo.
Fanya hesabu ya shoo yako ya mwisho mpaka shilingi ya mwisho. Ujue kama ulilipwa au ulilipa.

Mwezi uliopita msichana mmoja wa Kisauni, wa miaka 19, alikuja nyumbani kunisikilizisha wimbo wake. Mamake alikuwa amemleta, wameketi kwenye mkeka. Nikamwambia, "Ngoja, usiimbe bado." Nikamwuliza kama ameurekodi. Hakuwa ameurekodi. Nikampa simu yake mwenyewe mkononi, akataja jina lake na tarehe, akaimba, akajitumia. Ndipo nikamwambia, "Haya sasa, niimbie mimi."

Wimbo ulikuwa mzuri. Nimemwomba ruhusa ya kuuimba Ijumaa hotelini. Amesema atafikiria, na ataniambia bei.

Kumbuka: usimpe mtu yeyote namba yako ya siri, hata akisema anapiga simu kutoka kwetu. Ukishuku muamala wowote, wasiliana na huduma kwa wateja kabla ya kutuma chochote.